Kwenda Dar Kutafuta Boksi la Besi

Katika bendi nyingi za huku kwetu Morogoro, besi ndiyo hufikiriwa mwisho. Mwenye vyombo akipata hela ananunua maikrofoni, kisha kinanda, kisha spika kubwa za waimbaji. Gitaa la besi linachomekwa popote palipobaki tundu. Nimewahi kupiga harusi tangu saa mbili usiku hadi maharusi wanaondoka, besi yangu ikitokea kwenye spika ndogo ya kinanda. Nimepiga pia kwenye kumbi ambako besi inapitishwa kwenye spika zilezile za waimbaji, na kila nikigusa uzi mnene, sauti ya mwimbaji inatikisika. Watu wanacheza tu, maana aliyekuja kucheza atacheza. Lakini anayelijua dansi anasikia kilichopotea. Besi ya muziki wetu ina maneno yake. Inatangulia, inasubiri, inamjibu mpiga solo, na wimbo ukifika kwenye chemko besi ndiyo inayomwambia mchezaji akanyage wapi.

Nikaanza kuweka akiba ya kununua boksi la spika, la besi peke yake, la kwangu. Amplifaya nilishakuwa nayo, ya wati 300, niliyouziwa na mpiga besi aliyehamia Dodoma. Akiba ilipofika laki sita na nusu nikaona sasa niende Dar. Dar nilishafika, kwa misiba na kwa ndugu. Safari ya kwenda kujinunulia chombo ilikuwa ya kwanza, na ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu najua wapiga besi wengine wana kiasi hichohicho cha hela mfukoni na hawajui waanzie wapi.

Kabla ya kuondoka nilipita kwa fundi wangu karibu na soko la Mawenzi. Huyu ni mtu anayefungua spika kila siku ya Mungu, na neno lake kwangu lina uzito kuliko tangazo lolote. Nilimuuliza ninunue la kampuni gani. Hakunitajia kampuni.

“Wewe angalia kinachotengenezeka na kisichotengenezeka,” aliniambia. “Koni ikichanika nitabadilisha. Koili ikiungua nitasuka nyingine. Waya, jeki, wavu wa mbele, hiyo ni hela ya chai tu. Ila ubao ukishavimba mimi sina dawa. Na sumaku ikihama mahali pake, usiniletee hapa.”

Nikamuuliza kwa nini ubao anauweka mbele ya spika zenyewe. Akachukua spika tupu ya inchi 10 iliyokuwa mezani, akaiunga kwenye redio yake. Ilisikika nyembamba, besi haimo kabisa. Kisha akaifunika juu ya tundu la boksi kuukuu, akaikandamiza kwa mikono miwili, na besi ikatoka palepale. Spika inaposukuma hewa kwa mbele, nyuma yake inaivuta. Hewa ya nyuma ikipata njia ya kuja mbele, zinafutana, na zinazofutika kwanza ni sauti za chini. Kazi ya boksi ni kuzizuia zisikutane. Yapo maboksi yaliyozibwa kabisa, na yapo yenye tundu la kiwandani ambalo ukubwa na urefu wake vimepigiwa hesabu ili hewa ya nyuma itoke kwa wakati wa kusaidia. Lakini ufa haukupigiwa hesabu na mtu yeyote. Boksi lenye ufa litakupa sauti za juu kama kawaida, na uzi mnene utabaki unaunguruma bila kusema kitu.

Alinipa mita yake ya kupimia umeme, betri ya volti 9, tochi na bisibisi ya nyota. Akaniongezea somo la omu, yaani kipimo cha ukinzani wa spika, ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Nyuma ya amplifaya yangu pameandikwa kwamba isipewe mzigo ulio chini ya omu 4. Maboksi mawili ya omu 8 yakiungwa pamoja yanakuwa omu 4, kwa hiyo nikinunua la omu 8 sasa, siku nikipata hela nitaongeza la pili. La omu 4 lingenibana: mawili ya namna hiyo yanakuwa omu 2, na hapo amplifaya yangu ingeanza kuchemka hadi iungue. Na kwenye mita boksi la omu 8 halisomi 8. Linasoma pungufu, kati ya 5 na nusu na 7, na hiyo ni kawaida.

Nilipanda treni ya umeme Kihonda asubuhi, nauli 13,000. Tangu huduma hiyo ianze mwezi Juni 2024 watu wa Morogoro tumezoea kwenda Dar na kurudi siku hiyohiyo, jambo ambalo kwa basi lilikuchosha hadi kesho yake. Kutoka Ngerengere hadi Ruvu macho yangu yalikuwa nje lakini akili ilikuwa kwenye begi la gitaa nililolipakata. Nilikuja na gitaa langu kwa makusudi. Boksi linapimwa kwa gitaa unalolijua, kwa vidole vyako, ili kitu kipya masikioni mwako kiwe boksi peke yake.

Kariakoo ilishaamka. Mikokoteni ilikuwa inapita kwa kelele za “pisha, pisha!”, na kwenye mitaa inayotoka Msimbazi kila duka la vyombo vya sauti lilikuwa limewasha lake, hivyo ukisimama katikati unasikia nyimbo tano kwa mpigo na hakuna hata mmoja unaouelewa. Maboksi mapya yamepangwa hadi barazani, yana taa za rangi zinazozunguka koni. Kijana mmoja alinikaribisha kwa heshima, akanionyesha boksi lenye maandishi makubwa ya wati 5,000, bei yake ndani kabisa ya mfuko wangu.

Nilimwomba aligeuze. Nyuma, karibu na waya wa umeme, kila chombo cha namna hiyo kina kibandiko kidogo kinachosema kinavuta umeme kiasi gani ukutani. Hiki kilisema wati 120. Chombo kinachovuta wati 120 ukutani hakiwezi kumpa mpiga besi wati 5,000 mfululizo, hata kikisaidiwa na malaika. Herufi PMPO zinazoandikwa pembeni ya tarakimu hizo zinahesabu mlipuko wa nukta ya sekunde, na kila kiwanda kinauhesabu kinavyotaka. Anayenunua boksi la besi aulize wati za mfululizo, zile zinazoandikwa RMS, na asipoziona kwenye kibandiko aendelee na safari. Namshukuru yule kijana kwa uvumilivu wake. Maboksi yale yana kazi yake, kwenye sebule na kwenye duka la nguo. Gitaa la besi la nyuzi nne linashuka hadi mitetemo 41 kwa sekunde, na mpigo wa kidole unakuja ghafla, una nguvu kuliko wimbo uliorekodiwa na kulainishwa. Spika ya sebuleni ukiitwisha mzigo huo usiku kucha itapasuka.

Boksi la kwanza la mtumba nililolikagua lilikuwa kwenye kichochoro cha mafundi wa koni, lina spika moja ya inchi 15, bei laki tatu na nusu. Kwa nje lilipendeza. Spika yenyewe ilikuwa nzima: nilipoisukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, ilikwenda na kurudi bila mkwaruzo, na mita ilisoma 6. Nikalilaza chali nione chini. Ubao ulikuwa wa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, na kona mbili zilikuwa zimefura kama mkate uliolowa chai. Liliwahi kukaa kwenye maji. Niliweka bisibisi kwenye skrubu ya mguu, ikazunguka tu, haikung'ata. Muuzaji alikuwa tayari kushuka hadi laki mbili na nusu. Nilimwambia ukweli, kwamba spika yake naitaka ila boksi silitaki, naye hakutaka kuvitenganisha. Tukaagana vizuri.

Wapo wanaoamini kwamba besi ya kweli ni inchi 15 na kwamba spika za inchi 10 ni za watoto. Nadhani imani hiyo inawapotezea watu hela. Koni ya inchi 15 ina eneo la kusukuma hewa la sentimeta za mraba kama 850. Ya inchi 10 ina kama 350. Lakini nne za inchi 10 kwenye boksi moja zinakupa 1,400, yaani zinasukuma hewa nyingi kuliko ile moja kubwa, na kila moja inabeba robo tu ya kazi. Masikioni mwangu zinawahi pia kusimama unaposimamisha kidole, na kwa muziki wetu, ambao besi inaacha nafasi makusudi ili tumba iingie, jambo hilo ni kubwa. Sisemi inchi 15 ni mbaya. Kuna uzito fulani wa chini ambao nimeusikia kwenye inchi 15 nzuri na sijausikia kwingine. Ila mwenye hela ya boksi moja tu, na anayepiga dansi, mimi namshauri atafute nne za inchi 10.

Mtaa wa pili nilionyeshwa boksi la ndoto, refu kufika kifuani mwangu, lina spika nane za inchi 10. Umbo hilo lilianzishwa na kampuni ya Ampeg ya Marekani mwaka 1969 pamoja na amplifaya yao ya SVT ya wati 300, na mwaka huohuo Rolling Stones wakazunguka nazo Marekani. Lina uzito unaozidi kilo 60. Lilikuwa la kampuni ya kukodisha vyombo, na hata kama lingeuzwa lisingekuwa la laki sita. Nililizunguka, nikaligusa ubao, nikaondoka.

Aliyenifikisha nilipotaka ni fundi mmoja wa kichochoroni pale, aliyekuwa anabandika koni mpya huku anasikiliza mazungumzo yetu. “Wewe unapiga kweli,” alisema alipoona ncha za vidole vyangu. “Nenda Magomeni. Kuna mzee alikuwa mpiga besi, ana boksi lake ndani. Mwambie nimekutuma mimi.” Hakudai cha udalali. Nilimwachia hela ya soda, nikapanda mwendokasi kituo cha Msimbazi, nikashuka Magomeni Mapipa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Karibu. Umetokea wapi na gitaa?”

“Morogoro.”

“Aaa. Kwa Mbaraka.” Akasogeza kiti. “Keti.”

Kwa watu wa umri wake, ukisema Morogoro wanasikia Morogoro Jazz na Super Volcano, wanamsikia Salum Abdallah na Cuban Marimba yake. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, nami nilikuwa sijazaliwa, lakini nimekulia kwenye mji ambao gitaa lake bado linatoka redioni mchana wa Jumapili. Tulizungumza hayo kwanza. Kwa mzee wa namna hiyo huwezi kuanza na bei.

Alinieleza jambo ambalo nilikuwa nalijua nusu. Bendi nyingi kubwa za enzi zao zilikuwa za mashirika: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima, na za majeshi zilikuwa za majeshi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. “Nilipiga besi miaka na miaka,” alisema, “na siku naacha kazi nililiegemeza gitaa kwenye kiti, nikatoka mikono mitupu. Halikuwa langu. Hata waya haukuwa wangu.” Boksi hili alilinunua baadaye, kwa hela zake, kwa kanisa moja lililokuwa linabadilisha vyombo vilivyokuja na kontena kutoka Ulaya. Sasa vidole vyake vimekakamaa na chumba kinahitajiwa na mjukuu. Alitaka laki saba.

Boksi lilikuwa limefunikwa shuka. Spika nne za inchi 10 na katikati twita moja, kile kispika cha sauti za juu. Nembo ya mbele ilishang'oka zamani, yamebaki matundu mawili ya skrubu. Kona moja haina chuma. Nilimwomba ruhusa ya kulikagua, akasema, “Kagua, ndiyo maana ya kuja.”

Nilianza chini, kama nilivyofundishwa. Kwenye tundu la jeki, mahali ubao ulipokatwa, tochi ilinionyesha matabaka: plaiwudi, tabaka juu ya tabaka, kavu, hakuna lililoachana. Nikagonga pande zote kwa kifundo cha kidole na sauti ilikuwa moja. Nikatazama pindo za koni. Zilikuwa za kitambaa kilichokunjwa, kile kilichopakwa utomvu mweusi, na nilifurahi, kwa sababu zile za sponji kwenye joto na unyevu wa pwani huwa unga ukizigusa. Nikazisukuma koni moja moja. Hakuna iliyokwaruza. Nikanusa kwenye tundu la hewa, maana koili iliyoungua ina harufu yake isiyojificha. Palinuka vumbi tu.

Kisha nikachomeka waya na kuweka mita. Ikasoma 11 na nusu.

Hiyo ilikuwa namba ya ajabu, na kwenye namba hiyo ndiyo safari yangu yote ilikaa. Kibandiko cha nyuma kilisema omu 8, kwa hiyo nilitegemea kama 6. Kwenye boksi la spika nne za omu 8, kwa kawaida spika zinaungwa mbilimbili kwa kufuatana, halafu jozi hizo mbili zinawekwa sambamba, na jumla inarudi kuwa omu 8 ileile. Jozi moja ikikatika, umeme unapita kwenye jozi iliyobaki peke yake, na mita inasoma mara mbili. Nikachukua betri ya volti 9, nikagusisha kwenye ncha ya waya kwa nukta moja. Spika mbili za kushoto zikaruka mbele. Za kulia zikatulia.

Mzee aliona. “Basi hizo mbili zimekufa,” alisema, na uso ukamshuka. “Kumbe ndiyo maana lilikuwa limepoa. Mimi nilidhani ni masikio yangu. Nipe laki nne na nusu, ulichukue.”

Lakini zikiwa mbili za jozi moja hazilii, mara nyingi tatizo liko kwa moja, au haliko kwa yoyote. Nilimwomba tufungue. Skrubu nane kwa spika, zote zikang'ata vizuri, ubao bado una nguvu. Ya juu kulia ilipotoka nikamulika ndani, na hapo nikauona: waya mwekundu unaning'inia, kichwa chake cha kuchomeka kimechomoka kwenye ulimi wa spika. Mtikisiko wa miaka unafanya hivyo. Nilimwita mzee aje aone kwa macho yake. Aliinama, akashika waya, akakaa kimya kidogo, halafu akacheka kicheko kirefu.

Tukiwa hapo tukasoma mihuri kwenye fremu za spika. Namba zilianza na 67, ambayo ni alama ya kiwanda cha Eminence cha Kentucky, Marekani, kinachowatengenezea spika watu wengi wanaobandika majina yao mbele. Zinazofuata ni mwaka na wiki: 9841, yaani wiki ya 41 ya mwaka 1998. Tukalegeza nyingine tatu, zote zina muhuri mmoja. Maana yake hakuna iliyowahi kubadilishwa, na hakuna iliyochanganywa na ya kuokoteza. Nikaurudisha waya mwekundu kwenye ulimi wenye alama ya kujumlisha, tukafunga, nikapima tena. Mita ikasoma 5.8. Betri ikagusa, koni zote nne zikaruka mbele kwa pamoja. Hilo la kuruka upande mmoja ni la lazima. Spika moja ikienda mbele wakati wenzake wanarudi nyuma, inawanyang'anya besi.

Mzee alikuwa na amplifaya ndogo. Tuliunga gitaa langu, nikapiga uzi mmoja mmoja kutoka juu kushuka chini, polepole, nikisikiliza mlio wa kitu kilicholegea. Wavu wa mbele ulikuwa unalia kwenye noti ya sol. Nikaukandamiza kwa goti, ukanyamaza. Nikapitisha kiganja kwenye kingo zote wakati uzi mnene unalia na sikuhisi upepo ila kwenye tundu lake la kiwandani na, kwa mbali, pembeni ya bamba la jeki. Twita ilikuwa bubu. Mita haiwezi kukuambia habari za twita, kwa sababu mbele yake kuna kapasita inayozuia umeme wa betri, kwa hiyo twita inapimwa kwa sikio tu.

Sauti ya besi haisikilizwi ukiwa umesimama juu ya boksi. Wimbi la uzi mnene lina urefu wa zaidi ya mita nane, linahitaji nafasi ili lijionyeshe. Nikampa mzee gitaa. Alisita, akapangusa vidole kwenye shati, akalipokea. Mimi nikatoka hadi barabarani, nikasimama ng'ambo, karibu na muuza mihogo.

Alipiga mwendo wa zamani, wa taratibu, noti chache. Vidole vyake havikuwa na kasi, lakini kila noti ilikuwa inakaa mahali pake na kuondoka kwa wakati wake, na nilikuwa nazisikia zote mbili, kukaa na kuondoka, hadi ng'ambo ya barabara. Muuza mihogo aligeuza shingo. Mama mmoja aliyepita na mtoto akakanyaga hatua mbili tatu kwa kufuata, hajui kama amefuata. Nilijua nimefika.

Bei tuliianza upya. “Laki nne na nusu haipo tena, mwanangu,” alisema. Nikamwambia najua, na kwamba twita haisemi, kona imeng'oka na bado nina usafiri mbele yangu. Yeye akasema plaiwudi hiyo nitaiacha kwa wajukuu zangu. Tulikubaliana laki tano na nusu, na akaniongezea shuka la kulifunikia. Alinisihi neno moja: nisitumie waya wa gitaa kuliunganisha na amplifaya. Waya wa gitaa una uzi mwembamba ndani uliozungushiwa kinga, ni wa kubeba sauti isiyo na nguvu. Ukiupitishia wati mia mbili unapata moto na unaweza kuiharibu amplifaya. Wa boksi uwe na nyuzi mbili nene zinazolingana.

Kirikuu kutoka Magomeni hadi stendi ya Mbezi ilikuwa 25,000. Kondakta wa basi alianza na 30,000 kwa mzigo, tukamalizana 15,000, na nilisimama hadi nione boksi limesimikwa wima kwenye buti, uso wa spika ukiegemea ukuta wa basi na hakuna gunia mbele yake. Kuanzia Kibaha hadi Mlandizi foleni ilikuwa ndefu. Chalinze nilishuka kulitazama. Msamvu tulifika usiku.

Kesho yake fundi wa Mawenzi alilifungua tena. Alibana kwa koleo vichwa vya nyaya zote nane, maana kimoja kikichomoka vingine viko njiani. Alizungushia ukanda wa sponji nyuma ya bamba la jeki, upepo ukakatika, na akaweka vipande vya mpira chini ya wavu. Twita aliikuta imeungua. Alinitajia bei ya utando mpya, nikamwambia aikate waya na aiache palepale, asiing'oe, maana tundu lake lingebaki wazi. Kwa dansi siihitaji. Mlio wa ncha za vidole na chuma cha uzi unapendwa kwenye muziki mwingine. Alinitoza 12,000.

Mazoezi ya bendi yalikuwa jioni ya Alhamisi. Niliweka boksi kushoto kwa drams, nikapunguza sauti chini ya nusu kwa sababu halikuhitaji zaidi. Tulipiga wimbo mmoja hadi katikati, mpiga drams akasimamisha kila mtu. Akaniuliza kama nimebadilisha ninavyopiga. Nikamwambia sijabadilisha. Akasema miaka yote amekuwa akisikia besi inapoanza, na ndiyo mara ya kwanza anasikia inapokatika, kwa hiyo kiki yake ameiweka mahali pasipo pake muda wote huo. Tukatoa kinanda, solo na rithimu, tukabaki wawili, tukaanza kuipanga upya.